Bildi ni ya kijani ila mdudu kapita: kusaka testi zilizorukwa na zilizozimwa

Wakuu, hii ilianza na simu ya saa moja asubuhi. Mteja analalamika amelipa mara moja ila pesa imekatwa mara mbili, na mimi hata chai sijanywa nikajibu kwa kujiamini kabisa kwamba haiwezekani, hicho kitu tuna testi yake (kodi ndogo inayokagua kodi nyingine) na niliiandika mwenyewe. Nikafungua bildi ya jana yake (ule mzunguko wa mashine kujenga kodi na kuendesha testi zote), kijani tupu. Mstari wa mwisho: 412 passed, 1 skipped. Nikaridhika nikanywa chai. Ni baadae sana, saa tano hivi, ndo nikakumbuka kwamba wiki mbili nyuma hiyo namba ilikuwa 431.

Testi 19 zimeenda wapi? Hazijafeli, hazijafutwa, mafaili yote yapo kwenye git (inapotunzwa kodi na historia yake) na kwenye laptopu yangu zote zinapita vizuri. Ilinichukua karibu siku nzima kuzipata, na njiani nikakutana na kila aina ya uchafu ambao timu yetu (mimi nikiwemo) ilikuwa imeuacha, ndo nauandika hapa kwa mpangilio wa dalili ili ukipata yako usizunguke kama mimi.

Kabla ya dalili tuelewane maneno, maana hapa ndo watu wanachanganyana sana. Kuruka testi ni kwamba fremiweki (programu inayoendesha testi) imeiona, imeihesabu, imeamua isiiendeshe, na kwenye ripoti ikaandika hii nimeiruka, mara nyingi na sababu yake. Kuzima ni testi kutokuwepo kwenye hesabu kabisa. Ni kama daftari la mahudhurio darasani: mtoto ambaye hajaja anaandikwa hayupo na mwalimu ataulizia, ila ambaye jina lake halimo kwenye daftari hakuna atakayejua hayupo.

Shida ni kwamba majina ya fremiweki hayafuati huo mgawanyo. @Disabled ya JUnit 5 (ya Java) kwa jina inasema zima, lakini ripoti inaihesabu kama iliyorukwa. enabled = false ya TestNG (nayo ya Java) ndo kuzima kwenyewe, ule mstari wa Total tests run hauigusi wala Skips haipandi. GoogleTest (ya C++) ukiweka DISABLED_ mbele ya jina la testi haiiendeshi, ila mwishoni inakukumbusha kwa herufi kubwa YOU HAVE 2 DISABLED TESTS, na hiyo tabia mi naipenda sana. Kwahiyo usihangaike na jina la dekoreta (alama inayowekwa juu ya testi), jiulize tu: nikiweka hii, kesho mtu akisoma ripoti ataiona?

Dalili ya kwanza: hakuna kilichofeli ila jumla ya testi imeshuka

Hii ndo mbaya kuliko zote kwasababu hailii. Anza kwa kulinganisha hesabu, sio kusoma kodi. Kwa pytest (fremiweki ya Python) unapiga

pytest --collect-only -q

kwenye brenchi kuu (tawi kuu la kodi kwenye git), unahifadhi matokeo kwenye faili, unafanya ivyo ivyo kwenye brenchi yako, alafu unapiga diff uone tofauti. Majina yaliyopotea yatakuja yenyewe. Na ufanye hivyo kwenye seva ya CI (mashine inayoendesha bildi yenyewe kila mtu akipushi kodi) pia sio laptopu tu, utaona mbele kwanini.

Vyanzo nilivyokutana navyo mimi. Cha kwanza ni jina. Pytest inaokota mafaili ya test_*.py au *_test.py na funksheni zinazoanza na test, sasa kama timu yenu mnaandika Kiswahili kwenye kodi mtu anaandika def jaribu_malipo_mara_mbili() na anaenda kulala akiamini ana testi, kumbe hana. Huku kwa Java ni kilekile, Surefire ya Maven (inayoendesha testi wakati wa bildi) kwa kawaida inatafuta klasi zinazoanza na Test au kuishia na Test, Tests au TestCase, kwahiyo JaribioLaMalipo.java itakompailiwa vizuri kabisa na haitaguswa maisha yake yote. Ukitaka kubaki na Kiswahili inawezekana, kwenye mipangilio ya pytest ongeza python_functions = test_* jaribu_* na kwa Surefire weka muundo wako kwenye includes.

Cha pili ni funksheni mbili zenye jina moja kwenye faili moja. Mtu amekopi testi, amebadilisha mwili amesahau jina. Python haisemi kitu, ya chini inaifuta ya juu, basi. Ruff na flake8 (vikaguzi vya kodi ya Python) wanaikamata hii kwa jina F811, iwashe leo. Klasi ya testi yenye __init__ nayo pytest haiichukui, inatoa onyo tu, na nani anasoma maonyo.

Cha tatu, kwa watu wa JavaScript, ni .only. Umeweka it.only ili ucheki testi moja haraka, umesahau, umekomiti. Kwenye Jest zile nyingine za faili hilo zinahesabiwa skipped, angalau unaziona. Mocha ni mbaya zaidi, .only inachuja bildi nzima na zilizochujwa hazitajwi popote. Dawa ipo tayari: mocha --forbid-only kwenye CI, na Playwright ina forbidOnly kwenye mipangilio yake. Hakuna sababu ya kutoiwasha.

Cha nne mnakijua, kukomenti. Kuweka alama ya # mbele ya testi nzima na kuandika "nitairudisha". Hii ndo njia mbovu kuliko zote za kuzima maana hata kompaila haiioni tena, ukibadilisha jina la funksheni kesho ile testi inabaki na jina la zamani na siku ukiirudisha haikompaili. DISABLED_ ya GoogleTest au #[ignore] ya Rust angalau kodi inaendelea kukompailiwa.

Dalili ya pili: nimeiruka ila bado inaendeshwa

Kwa Java angalia import kabla hujaangalia kitu kingine chochote, nakwambia. Ukiwa na testi ya JUnit 5 alafu IDE (programu unayoandikia kodi) ikakuletea org.junit.Ignore badala ya org.junit.jupiter.api.Disabled, kodi inakompaili, dekoreta inapendeza, na testi inaendeshwa kama kawaida kwasababu Jupiter (injini ya JUnit 5) haitambui @Ignore ya JUnit 4 mpaka uweke ule msaada wa kuhamia. Inatokea kila mahali ambapo mradi ulihamishwa nusunusu na matoleo yote mawili yapo pamoja. Kinyume chake nacho kipo: @Test ya org.junit kwenye mradi ambao umebaki na injini ya Jupiter peke yake, hapo testi haiendeshwi kabisa na umerudi dalili ya kwanza. Na kwa Gradle (chombo cha bildi kama Maven) kama umesahau useJUnitPlatform() ndo hamna hata moja.

Pia @Disabled hairithiwi. Ukiiweka kwenye klasi mama usitegemee watoto wazime.

Kwa pytest chanzo huwa ni tahajia. @pytest.mark.skp ni alama halali tu kwa macho yake, haina maana yoyote, inakupa onyo na testi inaendelea. Weka --strict-markers igeuke kosa. Na ukiweka alama ya skip juu ya fikscha (funksheni inayoandaa vitu vya testi) ukidhani testi zote zinazoitumia zitarukwa, haifanyi kazi, inabidi uite pytest.skip() ndani ya fikscha yenyewe.

Alafu kuna hii ya vigezo vya mazingira, ilinichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Mwenzetu aliandika unittest.skipIf(os.getenv("RUKA_MALIPO"), ...) akaweka RUKA_MALIPO=false kwenye seva akijua amewasha testi. Kumbe "false" ni maandishi, na maandishi yoyote yasiyo matupu Python inayachukulia kuwa kweli, kwahiyo testi zikarukwa. Akahamia pytest.mark.skipif na mstari uleule, sasa ikaanza kutoa NameError, kwasababu pytest ikipewa sharti la maandishi inaliendesha kama kodi ya Python na hakuna kitu kinaitwa false kwenye Python. Andika wazi os.getenv("RUKA_MALIPO") == "1" uishi kwa amani.

Dalili ya tatu: ghafla zote zimerukwa, na hakuna aliyegusa kitu

Kwa TestNG hii ni karibu kila siku. Kama @BeforeMethod, @BeforeClass au @BeforeSuite imefeli, testi zinazoitegemea hazifeli, zinarukwa. Mtu anaona Failures: 0, Skips: 60 anasema aah ni skip tu, anaendelea. Shuka mstari mmoja chini usome Configuration Failures. Kama hapo kuna 1, hizo 60 sio skip, ni mlango uliogoma kufunguka na watu 60 wamebaki nje. Kwa Selenium (inayoendesha kivinjari kwa kodi) chanzo cha kawaida ni Chrome imejisasisha usiku na chromedriver (dereva wa kuiendesha) imebaki ya zamani, dirisha haliwezi kufunguka. Tangu Selenium 4.6 kuna Selenium Manager inayojitafutia dereva yenyewe, ila inahitaji intaneti, na ukiwa kwenye bando lililokata au nyuma ya proksi ya ofisi yenye kiburi utarudi palepale.

dependsOnMethods nayo ni ndugu yake. Testi ya kuingia kwenye akaunti ikifeli, kila kinachoitegemea kinarukwa. Hapo kuruka ni sahihi kabisa, hamna maana ya kuona makosa 60 kwa sababu moja, ila lazima ile moja ionekane imefeli na bildi iwe nyekundu.

Sasa ndo nifike kwenye zile 19 zangu. Juu ya faili la testi za malipo kulikuwa na mstari huu:

responses = pytest.importorskip("responses")

responses ni maktaba ya kuigiza majibu ya HTTP ili testi isiende kwenye mtandao wa kweli. importorskip maana yake ni kama maktaba haipo, ruka. Kuna mtu alikuwa anasafisha requirements-dev.txt, akaona responses haiitwi popote kwa import ya kawaida, akaitoa. Nia nzuri tu. Kwenye laptopu zetu ilikuwa bado imo kwahiyo zinapita, kwenye seva ya CI kila bildi inaanza mazingira mapya kwahiyo haipo. Na hapa ndo penye mtego wenyewe: faili zima likirukwa kwa namna hii pytest inalihesabu kama skip moja. Moja! Testi 19 ndani ya "1 skipped". Ningepiga pytest -rs ningeona sababu mara moja, imeandikwa wazi could not import 'responses', ila nani anapiga -rs kwenye bildi ya kijani. Tumeiweka kwenye addopts (chaguo za kudumu za pytest) sasa, inatoka kila siku upende usipende.

importorskip iachie maktaba ambazo kweli ni za hiari kwa mtumiaji. Kama testi inaihitaji na CI inapaswa kuwa nayo, andika import ya kawaida, ikikosekana ipasuke.

Dalili ya nne: inafeli usiku tu, kwahiyo mtu kaiweka skip

Testi kigeugeu (mara inapita mara inafeli bila kodi kubadilika) ndo chanzo kikubwa cha skip zisizorudi. Nikichimba git blame za skip zetu nyingi zimeandikwa reason="kigeugeu" au tu reason="fix later", hamna tarehe, hamna tiketi. Moja ilinivutia maana iliwekwa na mtu anayefanya kazi usiku, wa mchana wote walikuwa wanasema kwao inapita.

Ilikuwa testi ya ripoti ya mauzo ya leo. Kodi inatengeneza tarehe kwa saa za Africa/Dar_es_Salaam, testi inalinganisha na date.today() ya mashine. Seva za CI mara nyingi zipo kwenye UTC na sisi tuko mbele masaa matatu, kwahiyo kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa usiku kwetu huku siku mpya imeshaanza na kwa seva bado ni jana. Ukipushi ndani ya hayo masaa matatu inafeli, nje ya hapo inapita. Watu wanasema kigeugeu wakati inafuata saa kuliko hata basi la mkoani. Haikuhitaji skip, ilihitaji tarehe maalum iwekwe ndani ya testi isitegemee saa ya ukutani. Na bora zaidi kuweka mbili, moja ya mchana na moja ya saa saba usiku makusudi.

Skip halali kwangu ni pale mazingira yenyewe hayaruhusu: testi ya Windows ukiwa Linux, testi inayohitaji funguo za sandiboksi ya malipo (mazingira ya majaribio) na hauna. Hizo unaweka skipif, au @EnabledOnOs na Assumptions kwa JUnit, sharti linaonekana na likitimia testi inarudi yenyewe bila kuombwa. Ila mdudu (kosa kwenye kodi) unaojulikana sio mazingira. Mdudu unaojulikana weka xfail:

@pytest.mark.xfail(strict=True, reason="kiasi chenye senti kinakosewa, tiketi 88")

Tofauti yake na skip ni kwamba xfail inaendeshwa. Inafeli, na kufeli kwake kunategemewa, bildi inabaki kijani. Siku mtu akirekebisha mdudu hata bila kukusudia, testi inapita, na kwasababu ya strict bildi inakuwa nyekundu ikikwambia toa hii alama. Skip haiwezi kukwambia hivyo kamwe, itakaa pale miaka. Bila strict ikipita inaandika xpassed tu na kimya, kwahiyo weka xfail_strict = true kwenye mipangilio umalize. Angalizo moja, kama testi inaning'inia bila kuisha au inaharibu data basi xfail haifai kwasababu itaendeshwa kweli, hapo tumia run=False au skip ya kawaida.

Dalili ya tano: imerukwa ila bado inakula muda, au inafeli hukohuko

Umeruka testi zote zinazogusa databesi na bado bildi inalalamika databesi haipo. Swali ni kuruka kumetokea kabla au baada ya maandalizi. Kwa pytest, alama ya skip inaangaliwa kabla ya fikscha, lakini pytest.skip() ukiiita ndani ya mwili wa testi fikscha zote zimeshafanya kazi na muda umeshalika. Kwa JUnit 5, @Disabled ikiwa juu ya methodi inazuia @BeforeEach yake ila @BeforeAll ya klasi inaendelea kama kawaida, ipandishe juu ya klasi. Kwa Jest, describe.skip haizuii kodi iliyoandikwa wazi ndani ya describe, ile inaendeshwa hata hivyo, ihamishie kwenye beforeAll.

Dalili ya sita: kwenye testi kila kitu kiko sawa, bado hesabu haieleweki

Basi toka nje ya testi uangalie paipulaini yenyewe (mlolongo wa hatua za CI). Kwenye GitHub Actions kazi iliyorukwa kwa sharti la if inaripotiwa kama imefaulu, hata kama umeiweka kuwa ya lazima haizuii kuunganisha. Nilidhani ni utani nilivyosoma. Tafuta pia continue-on-error na ile || true mwishoni mwa amri, na -DskipTests ambayo mtu aliiweka kwenye Dockerfile ili bildi iwahi. Hapo kuna pacha wawili wanafanana: -DskipTests inakompaili testi bila kuziendesha, -Dmaven.test.skip=true haikompaili hata kukompaili, kwahiyo unaweza kuwa na testi zilizovunjika miezi na hujui. Kwa Go, testi zote za pakeji zikiita t.Skip() bado utaandikiwa ok, lazima upige go test -v uone.

Kusaka nani aliweka nini na lini, silaha yangu ni hii:

git log -S"importorskip" --oneline -- tests/

Badilisha hilo neno uweke mark.skip, enabled = false, xit, chochote. Inakuletea komiti zilizoongeza au kutoa neno lenyewe, na mara nyingi ujumbe wa komiti unasema kilichokuwa kinaendelea siku hiyo kuliko ile reason. Kwetu tulipata skip tatu za usiku mmoja, wote tulikuwa tunawahi onesho la mteja, na mbili kati ya hizo ni zangu.

Na kama unataka kuendesha zilizozimwa uone hali zao bila kugusa kodi, GoogleTest ina --gtest_also_run_disabled_tests, Rust ni cargo test -- --ignored, na JUnit 5 unaweka junit.jupiter.conditions.deactivate=org.junit.*DisabledCondition. Fanya hivyo Ijumaa mchana wakati hamna haraka, matokeo yake hayapendezi.

Tuliporudisha responses kwenye requirements zile 19 zikarudi kwenye CI, 17 zikapita na 2 zikafeli, maana wiki hizo mbili kodi ya malipo ilibadilishwa na laptopu za waliobadilisha hazikuwa zimevuta testi mpya, na yangu haikuwa imevuta kodi yao. Moja ndo ile ya kukata mara mbili. Nyingine ni ya marejesho ya pesa na hadi sasa hamna mteja aliyelalamika, imewekwa xfail strict na jina langu lipo kwenye tiketi.